Kura yangu ndiyo itamchagua kocha mpya, na mmoja wa wanaotajwa ni shemeji yangu

Mwalimu, shikamoo.

Mimi ni mjumbe wa kamati ya utendaji ya klabu moja ya Ligi Kuu huku mikoani. Jina la klabu naomba libaki kwangu, maana likitajwa tu watu watajua nani kaandika. Tuko nafasi ya 15. Tumecheza mechi 19, tuna pointi 17, tumefunga mabao 14 na kufungwa 27. Zimebaki mechi 11, sita za nyumbani, na dirisha dogo la usajili limeshafungwa, kwa hiyo wachezaji ni hawa hawa. Aliye nafasi ya 12 ana pointi 22.

Kocha tulimwondoa baada ya kufungwa nyumbani na timu iliyokuwa chini yetu. Huyo ni wa tatu ndani ya misimu miwili. Kamati imetuteua watu watatu tutafute mrithi, na Jumapili tunatakiwa kupeleka jina moja kwa mwenyekiti. Majina yamebaki matatu.

Wa kwanza ni Mzungu, kaletwa na wakala wa Dar. Wasifu wake una klabu tisa katika nchi saba. Matawi yote ya mashabiki yanamtaka, na ofisa habari wetu ameshaanza kuposti picha za ndege bila kutaja jina. Katibu yuko upande huo.

Wa pili ni mzawa, mtu mzima, anajulikana kwa kuokoa timu zinazotaka kushuka. Mashabiki wetu wanasema soka lake ni la kubutua. Anataka mshahara wa miezi miwili mkononi kabla hajapanda basi, tena anataka aje na msaidizi wake. Mjumbe mwenzangu anampigania huyu.

Wa tatu ndiye anayekaimu sasa. Alikuwa nahodha wetu, wachezaji wanampenda, na katika mechi mbili alizosimamia tumeshinda moja na kutoka sare moja. Ana leseni B ya ukocha. Halafu ndiye aliyemuoa dada yangu mkubwa. Dada ameniambia wazi kwamba nikimnyima mumewe kazi, Idi nisisumbuke kwenda kwake.

Kura yangu ndiyo itakayoamua.

Kuna mambo mengine madogo madogo. Wachezaji wanadai mishahara ya miezi miwili. Kocha wa viungo aliondoka Novemba kwa sababu halipwi. Mwenyekiti ana tabia ya kupiga simu benchi wakati mechi inaendelea, na kocha aliyeondoka alikuwa anachaguliwa straika wa kuanza. Nimepitia mabao tuliyofungwa: 13 kati ya yale 27 yameingia baada ya dakika ya 70. Na juzi wakala amenitumia ujumbe kwamba Mzungu akisaini, "hatanisahau".

Nimchague nani, Mwalimu?

Mjumbe wa Kamati, mkoani

*

Marahaba, mwanangu.

Umeniuliza nani, na jina nitakupa. Ila nikwambie kwanza kwamba barua yako yote uzito wake uko kwenye aya ya mwisho, pale ulipoandika "mambo madogo madogo". Ningekuwa mimi ndiye ninayeomba hiyo kazi, ningeisoma aya hiyo, nikarudi kulala.

Mabao 13 kati ya 27 baada ya dakika ya 70. Hiyo ni karibu nusu ya mabao, kwenye dakika 20 za mwisho. Timu ya namna hiyo mpira inaujua. Mpaka dakika ya 70 mnakwenda sambamba na wenzenu, halafu miguu inakata. Na miguu inakata kwa sababu ulizozitaja wewe mwenyewe bila kuziunganisha: kocha wa viungo hayupo tangu Novemba, na mchezaji ambaye hajalipwa miezi miwili anakula anachokipata, analala anapolala, na siku ya mapumziko anakwenda kucheza ndondo za mtaani apate hela ya kodi. Ongeza safari. Ligi yetu ni ya mabasi. Timu inatoka CCM Kirumba pale Mwanza inakwenda Majaliwa kule Ruangwa, inafika watu wamevimba miguu, kesho yake inaingia uwanjani. Simba na Yanga wanapanda ndege. Ninyi mnapanda basi halafu mnashangaa kwa nini beki wa kushoto hafiki kwenye mpira dakika ya 84.

Kwa hiyo kabla ya jina lolote, Jumapili pelekeni hoja ya kumrudisha kocha wa viungo, au mwingine kama yule amekataa. Mumlipe deni lake. Mtaniambia hela hakuna. Kila klabu ninayoijua nchi hii ina fungu la "maandalizi ya nje ya uwanja", lenye mtu wa kulipokea na lisilo na wa kulitolea risiti. Mwaka huu fungu hilo limlipe kocha wa viungo, tuone kama timu haitakimbia.

Sasa nikurudishe kwenye ile furaha ya mechi mbili za shemeji yako. Kushinda moja na sare moja ni pointi nne, na sidharau. Lakini mpira una tabia ambayo viongozi wengi hawataki kuiamini: timu iliyoporomoka sana kwa kawaida hupanda kidogo, kocha abadilishwe au asibadilishwe. Mchumi mmoja wa Uholanzi, Bas ter Weel, mwaka 2011 alichapisha utafiti juu ya ligi kuu ya kwao, misimu ya kuanzia 1986 hadi 2004. Alizichukua timu zilizomfukuza kocha katikati ya msimu, akaziweka pembeni ya timu zilizokuwa zimeboronga vilevile lakini zikabaki na kocha wao. Zile zilizofukuza zilipanda. Zilizobaki naye nazo zilipanda. Kufukuza hakukuongeza kitu cha maana. Wenzetu Leicester City msimu wa 2014/15 walikuwa wa mwisho wakati wa Krismasi, wakamwacha Nigel Pearson kazini, na mwishoni wakashinda mechi saba kati ya tisa wakabaki Ligi Kuu ya Uingereza. Ninyi mlishafukuza, hilo limepita. Nakutajia ili usimpe kocha ajaye sifa ya muujiza akishinda wiki ya kwanza, wala usimwitie kikao akifungwa.

Kuna ugonjwa mwingine wa kamati za mikoani, nao ni kuwaiga wakubwa wa Kariakoo. Novemba 2024 Yanga walimwondoa Miguel Gamondi, mtu aliyetoka kuwapa ubingwa wa 2023/24 na aliyemfunga Simba 5-1, kwa sababu alipoteza mbele ya Azam na Tabora United mfululizo. Akaja Sead Ramovic. Februari 2025 naye akaondoka kwenda Algeria. Akaja Miloud Hamdi, akamaliza msimu na kombe mkononi. Makocha watatu, msimu mmoja, ubingwa. Mashabiki wenu wameona hayo wakadhani kubadilisha kocha ndiyo dawa. Yanga ile ungeipa mtu yeyote mwenye filimbi ingemaliza nafasi ya pili. Wana wachezaji wa kubeba makosa ya uongozi. Ninyi mna mabao 14 katika mechi 19.

Ambacho mngeiga kutoka kwao hakisemwi sana. Nasreddine Nabi alifika Yanga, pale Jangwani, Aprili 2021. Msimu ule akamaliza bila ubingwa, akapoteza fainali ya Kombe la Shirikisho la Azam kwa Simba kule Kigoma, na mwezi Septemba akatolewa Ligi ya Mabingwa Afrika na Rivers United ya Nigeria kwa kufungwa bao moja nyumbani na bao moja ugenini. Kelele zilikuwepo, unazikumbuka. Uongozi ukamwacha. Msimu wa 2021/22 akachukua ubingwa bila kupoteza mechi ya ligi, na mwaka 2023 akaifikisha timu fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika. Na ile rekodi ya kutofungwa ilipofika mechi 49, nani aliivunja? Ihefu, Novemba 29, 2022, kule Mbarali, mabao 2-1. Ihefu waliokuwa wanahaha mkiani kama ninyi hivi sasa. Kwa hiyo msikae mnapanga mechi 11 kana kwamba zimeshapotea.

Haya, majina.

Mzungu mwache. Simkatai kwa rangi wala pasipoti yake; Nabi ni Mtunisia, Fadlu Davids ni wa Afrika Kusini na aliifikisha Simba fainali ya Shirikisho mwaka 2025. Namkataa kwa hesabu. Klabu tisa katika nchi saba: hujaniambia amekaa muda gani kila mahali, na nina hakika huo wasifu nao hausemi. Kaa nao, andika pembeni ya kila klabu mwezi aliofika na mwezi aliotoka. Ukikuta miezi minne, miezi mitano, miezi mitatu, basi umeshajua kwamba hakuna mahali alipomaliza alichoanza. Halafu kuna kibali cha kazi na cha ukaazi, ambavyo haviharakishwi na picha za ndege za ofisa habari. Kuna wiki ambazo atazitumia kujua majina ya wachezaji. Ana mechi 11 tu.

Na kubwa kuliko yote, fedha. Tangu 2021 kanuni za FIFA zina sehemu inayowahusu makocha. Kocha wa kigeni asiyelipwa anapeleka madai yake huko, na uamuzi ukitoka klabu isipolipa ndani ya siku 45 inaweza kufungiwa kusajili hadi madirisha matatu mfululizo. Klabu yenye deni la mishahara ya miezi miwili inataka kujitafutia deni la dola. Mkishuka na Mzungu, mtakwenda Championship, ligi ya chini ya hii, mmefungiwa kusajili. Klabu zimekaa miaka huko chini kwa sababu ya saini moja ya namna hiyo.

Wanaomtetea watakwambia alifanya vizuri alikotoka. Southampton walisema hivyo Novemba 2022 walipomchukua Nathan Jones kutoka Luton, ambako kweli alifanya mambo makubwa na timu isiyo na hela. Februari 2023 walishamfukuza. Katika mechi nane za ligi alipoteza saba, na msimu ulipoisha Southampton walishuka. Luton alikuwa na wachezaji aliowatengeneza mwenyewe kwa miaka. Southampton aliwakuta wa watu.

Shemeji yako naye, kwa kiti cha kocha mkuu, hapana. Kanuni za ligi yetu zinataka kocha mkuu wa Ligi Kuu awe na leseni A ya CAF, shirikisho la soka la Afrika, au inayolingana nayo. Yeye ana B. Najua ujanja unaofanyika: anatafutwa mzee mwenye leseni A anakaa benchi na kofia, mwenye B anafundisha. Nimeona timu zinaongozwa hivyo. Wiki timu ikishinda wote wawili ni makocha, wiki ikifungwa hakuna kocha, na wachezaji wanajifunza haraka sana mlango upi wa kubisha wakiwekwa nje. Msimfanyie hivyo kijana ambaye bado ana maisha marefu kwenye kazi hii.

Anabaki mzawa. Huyo ndiye wangu.

Umeniandikia kama malalamiko kwamba anataka miezi miwili mkononi. Mimi nimeona ni mtu aliyepiga simu mbili tatu kuulizia klabu yenu kabla ya kuzungumza nanyi, akajua mnalipaje. Huyo anafanya kazi yake. Ametembea viwanja hivi vyote, anajua nyasi za wapi zinakatwa fupi na za wapi zinaachwa ndefu kwa makusudi, anajua mwamuzi yupi hataki kusemeshwa. Hayo Mzungu angeyajua mwezi Mei, ligi imekwisha. Na kuhusu mzawa kushika timu iliyovurugika, kumbukeni Septemba 2022: Zoran Maki aliondoka Simba baada ya muda mfupi, wakamwita Juma Mgunda kutoka Coastal Union kwa haraka haraka. Aliwatoa Nyasa Big Bullets ya Malawi, akawatoa Primeiro de Agosto ya Angola nyumbani na ugenini, Simba ikaingia makundi ya Ligi ya Mabingwa. Januari kocha wa kigeni akaja, Mgunda akarudi kuwa msaidizi. Malipo ya ulimwengu, lakini hilo tuliache.

Soka la kubutua? Waambie matawi kwamba anayetaka pasi 20 aende akaangalie televisheni mpaka Mei. Timu yenye mabao 14 inahitaji kushinda 1-0 kwa kona. Muulizeni huyo mzee maswali ya namna hiyo. Msimuulize falsafa yake. Falsafa kila mtu anayo. Mwekeeni video ya mechi zenu mbili, ile ya nyumbani mliyofungwa na nyingine mtakayochagua, nyamazeni, mumsikilize. Akianza kuwataja wachezaji anaotaka kusajili, mkumbusheni dirisha limefungwa. Akianza kuwapanga upya hawa hawa, huyo beki avute ndani, yule kiungo ashuke, mipira ya kona igongwe nguzo ya kwanza, basi mna kocha. Muulizeni pia atafanya nini na wale nyota wawili watatu ambao atawaweka nje, maana hao ndio watakaokwenda kwa mwenyekiti usiku.

Na msiulizie habari zake kwa viongozi wa klabu alizopita. Viongozi watakwambia walichomwambia mwandishi wa habari. Mpigieni mtunza vifaa, mpigieni dereva wa basi. Hao wanajua kama alikuwa anafika mazoezini kabla ya wachezaji au baada yao.

Mkataba uwe wa mechi hizi 11 tu. Timu ikibaki, unaendelea msimu ujao pamoja na bonasi mtakayokubaliana sasa hivi kwa maandishi. Timu ikishuka, unaisha wenyewe na hakuna anayemdai mwenzake. Ile miezi miwili mlipeni, lakini siku hiyo hiyo wachezaji nao wapate angalau mwezi mmoja. Akipokea yeye peke yake, chumba cha kubadilishia nguo atakikuta kimenuna kabla hajavua koti. Msaidizi wake mkatalieni. Shemeji yako abaki msaidizi, ndiye anayewajua hawa vijana, nani ana mtoto mgonjwa na nani goti linamsumbua lakini haliongelei. Na klabu iandike kwamba kozi ya leseni A ikitangazwa, yeye anakwenda kwa gharama ya klabu. Hiyo ni haki yake, wala si fadhila ya ukoo.

Kipengele kimoja kwenye mkataba msikiachie hata mkigombana mpaka alfajiri: kikosi anapanga kocha, na simu ya benchi wakati wa mechi inazimwa. Mwenyekiti asaini pale pale chini ya mstari huo. Najua kumwambia ni kazi. Yeye ndiye anayetoa hela ya mafuta ya basi. Mwambieni kwa adabu, katika kikao, mkiwa watatu, msimwambie mmoja mmoja. Mwambieni makocha watatu wameondoka kwa misimu miwili na straika anayempenda bado hajafunga. Akikataa kusaini, omba jina lako litolewe kwenye kamati ya uteuzi, kwa sababu hapo mtakuwa mnatafuta mtu wa kulaumiwa mwezi Mei, na huyo hahitaji kupigiwa kura.

Mechi zenyewe, mtakapokaa na kocha, anzeni na zile dhidi ya majirani zenu kwenye msimamo. Nafasi ya 15 na 16 zinashuka moja kwa moja. Ya 13 na 14 zinakwenda mchujo. Mko pointi tano nyuma ya aliye wa 12. Ushindi dhidi ya timu iliyo karibu yenu unawapa tatu na kumnyima yeye tatu. Mechi ya Simba au Yanga pumzisheni wenye kadi na majeraha kama ratiba inawabana, mashabiki wakasirike wiki moja.

Sasa wewe mwenyewe. Kesho, kabla ya Jumapili, waandikie wenzako kwamba mmoja wa wanaojadiliwa ni mume wa dada yako, na kwamba jina lake likijadiliwa utatoka nje ya chumba. Wanajua, mji wenu wote unajua, lakini liwe kwenye muhtasari. Ukifanya hivyo kura yako kati ya hao wawili wengine haitanuka. Ujumbe wa wakala usiufute na usiujibu. Uonyeshe kamati nzima, watu wote wakiwepo, usimpelekee katibu peke yake. Katibu anampigania sana huyo Mzungu, na wakala aliyekutafuta wewe mwenye kura ya mwisho sidhani kama aliwaruka wenye kura za mwanzo. TAKUKURU, wale wa kuzuia rushwa, wana ofisi mkoani kwenu kama itafika huko.

Kwa dada nenda mwenyewe, Jumamosi, usimtume mkeo na usipige simu. Shemeji akiwepo ni vizuri zaidi. Mwambie mbele yake habari ya leseni na habari ya kozi, umwonyeshe kanuni yenyewe. Akinuna, mwache anune. Ligi inaisha Mei, na mumewe bado atakuwa na kazi.